Dokumentari Iliyonifanya Nifute Video Yangu Maarufu Zaidi

Leo sina kichekesho. Mnaonifuata kwa sababu ya vituko vya matatu mnisamehe kidogo, nitarudi navyo wiki ijayo. Leo nataka tuongee kuhusu dokumentari moja ya Kifaransa ambayo nimeitazama mara mbili, na kuhusu video niliyoifuta baada ya kuitazama. Wengi wenu mnaijua hiyo video. Pengine ndiyo iliyowaleta hapa.

Nianze na video.

Miaka mitatu iliyopita nilikuwa steji nikingoja gari la kurudi mtaani. Kulikuwa na mzee mmoja amevaa koti la mvua na jua linawaka, ameshika kijiti, anaongoza magari kama polisi wa trafiki. Akisimamisha basi anapiga saluti. Basi likipita anacheza kidogo, hatua mbili tatu, kisha anarudi kazini. Nikatoa simu, nikarekodi sekunde 22, nikaweka wimbo juu yake na maandishi kwamba huyu ndiye trafiki tunayehitaji Kenya. Kufikia jioni watu walikuwa wanatumiana kwenye vikundi vya familia. Hiyo ndiyo kontenti yangu ya kwanza kushika. Ilinipa wafuasi, ikanipa tangazo la kwanza la kulipwa, na kwa hizo pesa nikanunua maikrofoni ninayotumia hadi leo.

Sikumuuliza yule mzee jina lake. Sikumnunulia hata chai.

Sasa tuje nyumbani. Nina kaka mkubwa. Mtaani watu waliijua kazi yake kabla ya kumjua yeye, kwa sababu alikuwa anachora manyanga. Zile nyuso za wanamuziki na wachezaji mpira unazoziona ubavuni mwa matatu ukasema, ebu ona, huyu karibu aongee, baadhi yake ni mkono wake. Alijifunza kwenye gereji, akianza kwa kumshikia fundi kopo na kubandika karatasi za gundi kwenye vioo. Baadaye wenye magari wakawa wanamtafuta yeye kwa jina.

Mwaka mmoja baada ya video yangu kushika, kaka aliacha kulala. Mwanzoni tulidhani ni kazi nyingi. Kisha akaanza kuchora ukuta wa sebuleni usiku, jicho moja, tena na tena, kubwa na dogo, mpaka karibu na dari. Akawa anaongea na watu ambao sisi hatuwaoni, na wengine anagombana nao. Mama akampeleka kwa maombi. Shangazi akasema kuna mtu wa gereji mwenye wivu amemtupia kitu. Na mimi, mtu wa mtandao mwenye maoni kuhusu kila jambo, nilinyamaza. Siku aliyotoka nje bila shati akapiga kelele getini, wazo la kwanza kuniingia halikuwa kwamba kaka yangu anaumwa. Lilikuwa: mtu asimrekodi.

Nilikimbia nikamfunika na jaketi, huku nikiangalia ni nani ameshika simu. Hapo ndipo nilipomkumbuka mzee wa steji kwa mara ya kwanza. Nikamsahau tena, kwa sababu ilikuwa rahisi.

Tulimpeleka kaka hospitalini. Sitaitaja, na sitaki mjaribu kuikisia. Dawa zilifanya kazi. Hili naomba mlisikie vizuri kabla hatujaendelea, maana najua kuna watu hapa watasoma neno "sanaa" waende wamwambie mgonjwa aache dawa anunue gitaa. Usifanye hivyo. Ndani ya wiki chache kaka alikuwa analala, anakula, na zile sauti zilikuwa zimeshuka. Dawa zilinirudishia mtu niliyeweza kuongea naye.

Lakini siku ya kumtembelea nilimkuta kwenye benchi refu na wenzake, nguo za wadi, kichwa kimenyolewa. Nikamuuliza, "Hapa mnafanya nini siku nzima?"

"Tunangoja."

"Mnangoja nini?"

"Chakula. Halafu tunangoja tena."

Aliniambia aliomba kalamu akaambiwa haziruhusiwi. Naelewa, kalamu inaweza kuumiza mtu. Nesi alikuwa mmoja na wadi imejaa, na huyo nesi alituongelesha vizuri kuliko jamaa zetu wengi. Lakini nilipoiona fomu yake, kulikuwa na jina, umri, ugonjwa, kipimo cha dawa, na mahali pa kazi mtu alikuwa ameandika "hana". Mtu ambaye kazi yake inazunguka mji mzima kwenye magurudumu.

Na nisijifanye hospitali ndiyo mbaya peke yake. Aliporudi nyumbani tulifanya yale yale. Mama alikuwa ameshanunua rangi ya maziwa akafunika yale macho yote. Mimi ndiye niliyetoa makopo yake ya rangi nikampa kijana wa jirani, kwa sababu mtu alituambia ile harufu ndiyo ilimharibu. Kaka akawa anakaa nyuma ya nyumba kando ya tangi la maji, asubuhi mpaka jioni. Wageni wakija tunasema, "Ashapona." Tulimaanisha amenyamaza.

Hiyo ndiyo hali niliyokuwa nayo nilipoitazama dokumentari yenyewe.

Inaitwa Sur l'Adamant, ya mwongozaji Mfaransa anayeitwa Nicolas Philibert. Mwaka 2023 ilishinda Dubu wa Dhahabu, ile tuzo kubwa kabisa ya tamasha la filamu la Berlin. Adamant ni jina la jengo la mbao linaloelea juu ya mto Seine, katikati ya jiji la Paris. Lilifunguliwa mwaka 2010. Ni kituo cha mchana cha wagonjwa wa akili: watu wanakuja asubuhi, wengine kila siku, wengine mara moja moja, na jioni wanarudi kwao. Ni sehemu ya huduma za kawaida za serikali, si hoteli ya matajiri.

Nawaonya mapema, hakuna kinachotokea. Hakuna muziki wa kukuambia sasa lia. Hakuna sauti ya kueleza huyu ana ugonjwa gani na yule alianza lini. Inaanza na mwanamume mmoja anaimba wimbo wa roki, na anauimba kwa nguvu zote, kama mtu anayeweza kupasuka. Philibert anamwacha aimbe hadi mwisho. Mimi kama mtu wa kukata video nilikuwa nimeshika kichwa, nikijiambia hapa ningekata, hapa ningekata tena. Hakati. Na wimbo ukiisha unagundua huna hamu ya kujua huyu mtu anaumwa nini. Unataka kujua ataimba nini kingine.

Ndani kuna watu wanachora, wanashona, wanatengeneza jamu ya matunda, wanapiga kinanda. Wana klabu ya filamu na wanapanga wenyewe watazame nini. Kuna mkahawa mdogo, na wagonjwa ndio wanaokaa kuhesabu pesa za mauzo pamoja na wahudumu. Hiyo sehemu ya kuhesabu pesa niliirudia. Sarafu juu ya meza, mtu anahesabu, anakosea, anaanza upya, na hakuna anayemnyang'anya amalizie. Kwetu kaka alikuwa hatumwi hata dukani kununua mkate.

Kitu kingine, wahudumu hawavai makoti meupe. Kwa muda mrefu hujui nani ni mgonjwa na nani ni mfanyakazi. Nilijikuta nakisia, "huyu lazima ni daktari," kisha anaanza kueleza miaka aliyolazwa. Nilikosea mara nyingi mpaka nikaacha kukisia.

Wasidhani pia ni paradiso. Kuna mama anataka kuongoza darasa la dansi, na anawaambia mbele ya watu kwamba haelewi kwa nini haruhusiwi. Halafu kuna mwanamume anayesema wazi kwamba bila dawa zake kali asingeweza hata kukaa hapo kuongea. Kwa hiyo ni wagonjwa kweli, na wengine wanaumia sana, na sanaa haijawaponya. Hakuna anayedai hivyo. Ninachokiona ni kwamba wanapewa dawa, na wanapewa pia sababu ya kuamka asubuhi na mtu wa kuwauliza umechora nini.

Kuna mahali katika filamu watu wanaonyesha michoro yao kwa wenzao. Anayeonyesha anaeleza, wengine wanauliza maswali kuhusu mchoro. Wanauliza kuhusu rangi, kuhusu huyu aliyechorwa ni nani. Hapo nilisimamisha filamu nikatoka nje. Macho yaliyokuwa ukutani kwetu, katika miezi yote ile, hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza kaka hilo jicho ni la nani.

Nilimwonyesha rafiki yangu mmoja hii filamu, akatazama dakika 20 akasema, "Buda, hizo ni za Wazungu. Sisi hatuna hata madaktari wa kutosha, wewe unataka meli ya kuchorea picha."

Hoja yake si ya kupuuza. Madaktari wa akili Kenya ni wachache na wengi wako mijini. Familia zinauza mbuzi kulipia dawa. Ukimwambia mtu wa namna hiyo kuhusu jengo la mbao juu ya Seine atakucheka. Kwa hiyo nilienda kusoma haya mambo yalitoka wapi, na nikakuta hayakuanzia kwenye utajiri.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, maelfu kwa maelfu ya wagonjwa wa akili walikufa kwa njaa ndani ya hospitali za Ufaransa. Walikuwa wa mwisho kukumbukwa kwenye mgao wa chakula. Katika kijiji cha Saint-Alban, huko milimani, kulikuwa na hospitali ambako daktari mmoja mkimbizi kutoka Hispania, François Tosquelles, na wenzake walikataa hilo. Milango ikafunguliwa, wagonjwa wakaenda kufanya kazi na wakulima wa hapo na kurudi na chakula. Baada ya vita waliendelea na mikutano, gazeti la wagonjwa, michezo ya kuigiza. Mwaka 1953 daktari aliyekuwa amepitia hapo, Jean Oury, akaanzisha kliniki ya La Borde. Philibert mwenyewe alienda huko miaka ya tisini akarekodi wagonjwa na wahudumu wakiandaa mchezo wa kuigiza pamoja. Adamant ni mjukuu wa mambo hayo. Babu yake ni hospitali yenye njaa.

Halafu kuna jina ambalo wengi wenu mnalijua kwa siasa: Frantz Fanon. Kabla ya vitabu vya mapinduzi kumpa jina, alikuwa daktari wa akili, na alifanya kazi Saint-Alban chini ya huyo huyo Tosquelles. Mwaka 1953 akapelekwa Algeria, hospitali ya Blida-Joinville. Alikuta wadi zimetengwa, Wazungu kando, Waislamu wenyeji kando. Akaanzisha yale aliyojifunza Ufaransa: kwaya, gazeti, sherehe, kazi za mikono. Kwa wanawake wa Kizungu yakafaulu. Kwa wanaume wenyeji yakafeli kabisa. Walikaa tu wakimwangalia.

Fanon angeweza kuandika kwamba Waafrika hawawezi. Madaktari wa kikoloni kabla yake walikuwa wameandika hivyo na vibaya zaidi. Yeye na mwenzake Jacques Azoulay wakaandika mwaka 1954 kwamba kosa lilikuwa lao, maana walikuwa wamewaletea watu maisha ya watu wengine. Wakabadilisha. Wakafungua mkahawa wa kinyumbani, wakaalika msimuliaji wa hadithi, wakasherehekea sikukuu za Kiislamu, kukawa na uwanja wa mpira. Watu wakaanza kuja.

Kwa hiyo rafiki yangu, hatuhitaji meli. Tunahitaji kujua mkahawa wetu ni upi. Kwa kaka yangu ulikuwa gereji. Kwa mama fulani itakuwa kwaya, kwa mwingine ni cherehani, kwa mwingine ni kusuka nywele. Kuajiri madaktari, kujenga wadi zisizojaa, kuleta dawa kaunti zote, hiyo ni pesa na ni kazi ya serikali, na tuendelee kuwapigia kelele. Lakini kuandika kazi ya mtu kwenye fomu hakuhitaji bajeti. Kumuuliza mtu jicho hili ni la nani hakuhitaji bajeti.

Na kuna jambo letu sisi kama Wakenya. Mathari ilianzishwa mwaka 1910, wakati wa ukoloni, na zaidi ya miaka 100 baadaye jina lake bado ni tusi letu. Mtu akiongea kitu tusichokipenda tunamwambia aende Mathari. Nimelitumia mwenyewe kwenye video, zaidi ya mara moja. Hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kifungu kile kinakiuka Katiba, mtu aliyejaribu kujiua akanusurika alikuwa anaweza kushtakiwa kama mhalifu. Sheria ilikuwa inamwangalia mgonjwa kama mkosaji, na sisi wa kontenti tunamwangalia kama kichekesho. Sijui kati yetu nani alimuumiza zaidi.

Sasa, baada ya filamu nilifanya kile ambacho mtu wa mtandao angefanya. Nilinunua rangi, brashi na karatasi kubwa, nikampelekea kaka kando ya tangi. Akaviangalia, akaniangalia mimi. Akasema, "Unataka nichore ndio unirekodi?"

Sikuwa na jibu. Kwa sababu ukweli ni kwamba wazo lilikuwa limepita kichwani. Tayari nilikuwa na kichwa cha video.

Zile rangi zilikaa wiki tatu bila kuguswa. Nilichofanya baadaye kilikuwa kidogo zaidi: nilikaa naye pale kando ya tangi bila simu. Siku ya nne hivi nikamuuliza kuhusu lile jicho. Akacheka kidogo. Akaniambia lilikuwa la baba. Baba yetu alifariki tukiwa wadogo, picha yake tuliyo nayo ni moja na ameangalia kando. Kaka alikuwa anajaribu kukumbuka jicho la pili lilikaaje.

Nilimwambia Mama. Aliketi akaangalia ule ukuta wa rangi ya maziwa kwa muda mrefu, halafu akaenda kupika. Hatujaliongelea tena.

Sasa hivi kaka anaenda gereji Jumanne na Alhamisi. Fundi wake wa zamani alikubali bila masharti, akasema tu, "Si ni mtu wetu?" Anabandika karatasi za gundi kama zamani alivyoanza. Wiki iliyopita alichora ua moja kwenye mlango wa nyuma wa gari. Kuna siku anarudi saa nne asubuhi kwa sababu kelele zimemzidi. Kuna wiki nzima hakuenda. Dawa anameza, kliniki anahudhuria. Hajapona, na sitaki mtu aje hapa aniambie sifa kwa sanaa imemponya. Ana Jumanne na Alhamisi, ambazo hakuwa nazo.

Video niliifuta. Nilienda pia steji kumtafuta yule mzee, hayuko. Mama anayeuza mandazi pale aliniambia hajamwona muda, hajui alienda wapi. Akaniambia alikuwa anamfagilia mbele ya kibanda kila asubuhi, naye anampa chai, na kwamba alikuwa akipenda sukari nyingi. Nikamuuliza jina lake. Alilijua, jina na la baba yake pia. Nilikuwa nimesimama hatua kumi kutoka kwa mtu aliyejua jina hilo, siku ile ile niliyorekodi.

Jina sitaliandika hapa, kwa sababu mwenyewe hajaniruhusu. Kaka amesoma haya yote kabla yenu. Alifuta sehemu mbili, nami sikumuuliza kwa nini. Hili la jicho alisema libaki.

Kama una mtu nyumbani ambaye mnasema amepona kwa sababu amenyamaza, leo usimpelekee kitu. Kaa naye kwanza. Simu iache ndani.